Jirani wa Taifa

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, kwa sababu haipendi kusemwa mahali ambapo haijaalikwa. Iko palepale ilipo. Ina bendera, ina wimbo wenye beti sita ambazo watu wanajua mbili, na ina Wizara ya Maisha Mema Nyumbani, ambako mimi, Bakema, ni karani wa kumbukumbu daraja la tatu. Kazi yangu ni kuandika kila kinachosemwa kwenye vikao na, kikao kikiisha, kufuta yale ambayo hayakupaswa kusemwa. Nimeifanya miaka kumi na tisa na sijawahi kulalamikiwa.

Zamani, yaani hadi mwaka juzi, nchi yetu ilikuwa na mpango mmoja tu kwa watu wenye ulemavu. Waliohitaji msaada wa serikali waliishi Makao ya Utulivu, jengo refu la kijani nje ya mji. Huko wote waliamshwa saa kumi na moja kasoro robo, wote walioga kwa kufuata alfabeti, na waliopenda chai bila sukari walitiliwa sukari ili wasijisikie kutengwa. Serikali iliwajali sana. Ilihakikisha hata wasio na usingizi wanalala.

Ndipo Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Injinia Ndelwa, aliposafiri nchi za mbali kuhudhuria mkutano wa siku sita, akarudi na sentensi. Aliitoa palepale uwanja wa ndege, kabla hata ya kupokea shada la maua. "Kila mtu mwenye ulemavu asaidiwe nyumbani kwake mwenyewe, kwa namna anayoitaka mwenyewe." Tulipiga makofi mpaka begi lake likapita mbele yetu mara tatu kwenye mkanda wa mizigo bila mtu kulishika. Ilikuwa sentensi nzuri, na naomba msomaji alikumbuke hilo, maana yaliyofuata hayakuwa kosa la sentensi.

* * *

Kwanza ilibidi apatikane mtu wa kuanzia. Orodha yetu ilikuwa na watu elfu tatu mia moja na kumi na wanne, lakini wengi wao wanaishi mahali ambapo magari ya Wizara yanachafuka. Akachaguliwa Bi Mwatumu Chande, fundi wa kushona, mwenye nyumba ya vyumba viwili hatua arobaini kutoka barabara ya lami.

Miguu ya Bi Mwatumu haijambeba tangu utotoni. Hutumia kiti cha magurudumu, hushona kwa cherehani cha mkono, na mjini petu bibi harusi anayejipenda lazima apitie kwake. Aliwahi kukaa Makao ya Utulivu miaka minne, akatoka, akapanga chumba, kisha akajenga. Kila asubuhi jirani yake, Bi Asumini, muuza vitumbua, huingia, humnyanyua kutoka kitandani, humsaidia kuoga na kumweka kitini. Kisha wawili hao hunywa chai ya tangawizi kibarazani wakiusengenya mtaa wote, ndipo kila mmoja huenda kwenye kazi yake.

Tulikwenda maofisa kumi na wawili, mimi nikiwa na daftari.

"Karibuni mkae," alisema Bi Mwatumu. "Viti ni viwili, na kimoja ndicho hiki nilichokalia."

Tukasimama. Mkuu wa msafara akafungua fomu yenye maswali mia nne na kumi na mawili.

"Mama, ungependa kuamka saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Kwa nini isiwe saa moja kamili?"

"Saa moja Asumini bado ana vitumbua jikoni."

Nikaandika: vitumbua.

"Huyo Asumini ana cheti cha kunyanyua?"

"Ana mikono, mwanangu. Na anajua kiuno changu kinauma wapi."

Tuliendelea hivyo mpaka adhuhuri. Tuliandika kwamba hulala upande wa kushoto, kwamba hupenda taarabu akiwa kazini, kwamba hapendi kuitwa "mgonjwa" kwa sababu haumwi. Mwishoni mkuu wa msafara akamuuliza kama ana ombi.

"Mawili," alisema. "Mlango wa bafu ni mwembamba, kiti hakipiti. Asumini hunibeba kuniingiza na hunibeba kunitoa. Upanuliwe shubiri moja tu. La pili, Asumini mgongo umeanza kumsumbua. Nipatieni mtu wa kupokezana naye, ila nimchague mwenyewe. Basi. Mengine nayaweza."

Mkuu wa msafara alitoa leso akafuta macho. Alisema hajawahi kukutana na mwananchi mwenye mahitaji yaliyo wazi kiasi kile, na kwamba kitaundwa kikosi kazi cha kuyafafanua.

* * *

Mpango Binafsi wa Bi Mwatumu ulikuwa na kurasa tisini na sita za karatasi nzito yenye nembo. Waziri aliusoma kwa sauti mbele ya Baraza la Mawaziri, na alipofika sehemu ya chai ya tangawizi kibarazani, mawaziri wawili waliuliza kama wanaweza kuandikishwa.

Hapo Mwanasheria wa Wizara akainua kalamu yake.

"Mheshimiwa, katiba inasema wananchi wote ni sawa. Tukimpa huyu mpango huu, wale elfu tatu mia moja na kumi na watatu waliobaki watauliza wao wamekosa nini."

Waziri akafikiri. Waziri akifikiri huwa tunasimama.

"Basi wapewe huohuo," akasema.

"Wote, Mheshimiwa?"

"Wote. Sitaki ubaguzi katika nchi hii. Kila mmoja apewe mpango binafsi wa Bi Mwatumu."

Nikaandika. Hakuna aliyecheka, kwa hiyo na mimi sikucheka. Kijana mmoja wa kitengo cha uchapishaji alipendekeza kwamba angalau jina libadilishwe kwenye kila nakala, lakini Mwanasheria alimweleza kuwa kubadili jina kwenye hati ya serikali ni kughushi, na kughushi kuna kifungo. Nakala zikatoka hivyohivyo, zote zikianza na "Ndugu Mwatumu".

Milango elfu tatu mia moja na kumi na mitatu ya bafu ikapanuliwa shubiri moja, nchi nzima, ikiwemo ya watu waliokuwa wakioga uani. Wa Bi Mwatumu haukuguswa. Mhandisi alimweleza kwa upole kabisa.

"Mama, mlango huu ndio kipimo cha taifa. Tukiupanua huu, tutajuaje mingine tumeipanua kiasi gani?"

"Na mimi nitaogaje?"

"Hilo halimo kwenye michoro."

Wakaufunga kwa kamba, wakabandika nembo, na wakaweka mlinzi. Bi Mwatumu akaanza kujipangusa kwa maji ya beseni. Akauliza na nakala yake ya mpango iko wapi, akajibiwa kwamba yeye ndiye asili. Nakala hupewa watu, asili hutunzwa.

* * *

Kilichobaki kilikuwa Asumini. Ukurasa wa kumi na mbili ulisema wazi kwamba mhusika atasaidiwa na Asumini, naye Asumini wa namna ile nchini ni mmoja tu. Serikali ikamwazima.

Alipelekewa barua, sare, gari lenye bendera, na mkanda wa begani ulioandikwa kwa uzi wa dhahabu: JIRANI WA TAIFA. Aliisoma barua mara mbili akiwa bado na unga mikononi.

"Na Mwatumu nani atamnyanyua?"

Aliambiwa kwamba Mwatumu asimtie wasiwasi, kwa kuwa mpango ni wake. Aliambiwa pia kwamba ni siku mbili tu, na kwamba akikataa, mwenye mpango atahesabiwa kuwa hana ushirikiano. Akavua khanga ya jikoni, akapanda gari.

Siku mbili zikawa wiki tano. Jirani wa Taifa alizungushwa mkoa kwa mkoa, nyumba kwa nyumba. Kila kibaraza alikunywa funda moja la tangawizi na kuusengenya mtaa asioufahamu, kama mpango ulivyoagiza. Kufikia wiki ya tatu alikuwa akimsingizia mke wa mtu wa kaskazini mambo ya mke wa mtu wa kusini, na kesi mbili zikafika kwa mabalozi wa nyumba kumi.

Utekelezaji kwa jumla ulikwenda vizuri. Mwalimu Kondo, mstaafu asiyeona, huamka alfajiri kusikiliza taarifa ya habari, na saa moja na nusu maofisa wawili walimkuta amekwisha kuvaa na kunywa uji.

"Mwalimu, lala kwanza," walimwomba. "Tumetumwa kukunyanyua."

Mwalimu ni mtu muungwana. Alilala, akanyanyuliwa, akaketishwa mbele ya cherehani alicholetewa, na maofisa walipoondoka alirudi kwenye kiti chake karibu na redio. Alikuja kuniambia kwamba alichoomba yeye ni mtu wa kumsomea barua.

Bwana Shomvi, seremala kiziwi, alipelekewa spika mbili kubwa za taarabu. Aliandika kwenye kipande cha ubao: "Niliomba mkalimani wa lugha ya alama nikienda hospitali." Ofisa alisoma, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, akaongeza sauti. Bwana Shomvi akazilaza zile spika akaanza kuzitumia kama meza ya kurandia mbao. Ripoti ya mwezi ilionyesha kuridhika kwa asilimia tisini na nane, na zile mbili zilizobaki zinachunguzwa.

* * *

Mimi nilitumwa kwa Bi Mwatumu Jumatatu moja, saa tatu na nusu asubuhi, na fomu ya tathmini. Nikabisha.

"Nani?"

"Wizara."

"Ingia tu, mlango uko wazi. Nani angeufunga?"

Nilimkuta kitandani, nguo ya mteja kifuani, anashona kwa mkono. Siku alipopita mteja mwenye nguvu alitoka kitandani. Siku asipopita, alishona amelala. Pembeni ya mto kulikuwa na barua yetu, ninaijua kwa sababu niliiandika mimi. Ilisema kwamba Alhamisi saa tatu kamili Mheshimiwa Waziri atakagua asili ya mpango, na kwa kuwa mpango unasema mhusika huamka saa moja na nusu, akikutwa kitandani saa tatu atahesabiwa kuwa ameshindwa maisha ya nyumbani na atarudishwa Makao ya Utulivu.

"Nilikaa kule miaka minne, Bakema," alisema. "Nikijaribu kukumbuka, siikumbuki hata siku moja. Zote zilikuwa ile ile."

Alikuwa anajaribu kutia uzi kwenye sindano, ukakataa mara tatu. Mimi si mtu wa kulia kazini, kwa hiyo nilifungua fomu.

"Nitaliwasilisha suala lako," nikasema.

"Usiliwasilishe. Ninyanyue."

Nikamweleza kwamba karani wa daraja la tatu ameruhusiwa kunyanyua mafaili yasiyozidi kilo tano.

"Weka kalamu chini," alisema. "Mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti. Usinivute, nibebe. Kama unaona haya funga macho, ila usiniangushe. Haya, moja, mbili."

Tatu nilihesabu mimi. Ilichukua muda mfupi kuliko kusaini daftari la wageni. Alijinyoosha, akakisukuma kiti hadi kwenye cherehani, akaanza kazi kama mtu aliyekuwa amechelewa wiki tano. Nilisikia furaha ambayo haina kisanduku kwenye fomu. Katika taarifa niliandika: "Mhusika alihama kutoka kitandani kwenda kitini kwa nguvu ambazo zinaendelea kuchunguzwa."

Jumanne nikapita kabla ya kazi, Jumatano vilevile. Alhamisi isingewezekana. Alhamisi niliandikwa kwenye ratiba, niwepo chini ya turubai kuanzia saa kumi na mbili, nashika faili lenye mpango wake.

* * *

Alhamisi hiyo watu mia mbili walijaa mbele ya nyumba ya Bi Mwatumu. Palikuwa na maturubai matatu, bendi ya askari, na fulana zenye picha yake. Utepe mwekundu ulivutwa mlangoni tangu alfajiri, na kwa desturi ya nchi yetu hakuna mtu anayepita utepe ambao haujakatwa na mgeni rasmi. Kwa hiyo watu wote ambao kazi yao ilikuwa kumtoa mama yule kitandani walikuwa pale, wameketi kwenye viti vya plastiki, wameigeuzia nyumba yake migongo ili waione meza kuu.

Itifaki ilizingatiwa. Mshereheshaji aliizingatia tena baada ya diwani kuchelewa kufika. Kisha Waziri akasimama.

"Ndugu wananchi, leo tunamsherehekea mtu mmoja. Mtu mmoja aliyetufundisha kwamba mtu mmoja ni sisi sote. Tumesambaza vyerehani kwa watu ambao hawakujua kwamba wanavihitaji. Tumewanyanyua hata waliokuwa wamesimama."

Makofi. Saa yangu ilionyesha saa tatu kasoro robo. Nilikuwa nimekaa mstari wa mwisho, karibu na dirisha lake, na nilimsikia ndani akijaribu kujivuta mwenyewe, kitanda kikilia, kisha kimya, kisha kikilia tena. Nilitazama utepe, nikatazama ratiba, nikatazama utepe. Naona aibu kukiri kwamba nilibaki nimekaa.

"Asumini," ilisema sauti kutoka dirishani. Haikuwa kubwa.

Kwenye meza kuu, kati ya Waziri na Mkuu wa Itifaki, Jirani wa Taifa akainuka.

"Mheshimiwa Jirani," mshereheshaji alisema kwenye kipaza sauti, "zamu yako ya kuzungumza ni ya kumi na moja."

"Zamu yangu ilikuwa saa moja na nusu," alisema Asumini.

Akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu mia mbili, akaunyanyua utepe kwa mkono mmoja kama kamba ya kuanikia nguo, akapita chini yake. Hilo halijawahi kutokea tangu tupate uhuru. Maofisa wawili wa usalama walisimama, wakaulizana ni kosa gani, wakakaa.

Tulingoja. Waziri aliendelea kusoma, lakini ukurasa mmoja aliusoma mara mbili na hakuna aliyegundua. Saa tatu kasoro dakika nne mlango ukafunguka, na kiti cha magurudumu kikatokea, Mwatumu amekikalia na khanga safi, Asumini nyuma yake. Kiti hakiwezi kuinama chini ya utepe. Bi Mwatumu akachukua mkasi wake wa kazi mapajani, akaukata.

Bendi yetu imefundishwa kupiga wimbo wa taifa utepe unapokatwa, haijafundishwa kuangalia nani amekata. Ikapiga. Watu wote wakasimama wima, Waziri naye, akiwa ameshika mkasi wa dhahabu juu ya mto wa hariri. Beti mbili zilipokwisha, wimbo uliisha.

* * *

Lazima nimpe Waziri haki yake, alirudi kwenye kipaza sauti haraka. Alitangaza kwamba asili imekaguliwa saa tatu kamili ikiwa nje ya kitanda, kwamba mpango umefaulu, na kwamba sasa taifa litasikia shukrani kutoka kinywani mwa mnufaika. Akateremka na Mwanasheria hadi mlangoni, akampa kipaza sauti.

"Niliomba mlango na mtu wa kupokezana na jirani yangu," alisema Bi Mwatumu. "Mlango mkauwekea mlinzi. Jirani mkampandisha gari. Sina kinyongo, naona mlijitahidi. Sasa nina ombi moja tu, na hili naamini liko ndani ya uwezo wenu. Naomba faili langu lipotee."

Waziri alimwinamia Mwanasheria akanong'ona, nami nilikuwa karibu.

"Tunaweza?"

"Mheshimiwa," Mwanasheria alisema, "hapo tuna uzoefu mkubwa."

Waziri alitangaza kwamba ombi limepokelewa na litashughulikiwa kwa utaratibu. Ninaujua utaratibu huo, huchukua miaka. Lakini faili lilikuwa mikononi mwangu. Nililiweka mapajani mwa Bi Mwatumu ili nipate kuandika maneno ya Waziri, na msafara ulipoondoka niliandika mpaka kwenye gari.

Jumatatu faili lenye hati ya asili halikuonekana, na nakala bila hati ya asili haina nguvu kisheria. Mipango elfu tatu mia moja na kumi na mitatu ikafutwa kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu Kondo aliruhusiwa kuamka mwenyewe. Cheo cha Jirani wa Taifa kilikosa kumbukumbu, kwa hiyo Asumini akarudisha gari na kubaki na mkanda, ambao anautumia kufunga mgongo. Mlango wa bafu ukaacha kuwa kipimo cha kitu chochote, mlinzi akaondoka, na Bwana Shomvi akaja na msumeno wake akaupanua kwa asubuhi moja. Mkewe ndiye anayepokezana na Asumini sasa. Bi Mwatumu aliwajaribu wanawake wanne kabla ya kumchagua, na wale watatu hawajamsamehe bado.

Waziri alisafiri tena kwenye mkutano uleule, akaeleza kwamba katika nchi yetu mnufaika aliridhika hadi akaomba serikali ipumzike.

Mimi nilipandishwa daraja. Ninaongoza Kamati ya Kulitafuta Faili, yenye wajumbe tisa, na tumekutana mara kumi na nne. Binafsi huwa naanza kulitafuta nyumbani kwa Bi Mwatumu, saa moja na nusu, wakati wa chai. Ile karatasi nzito yenye nembo inafaa sana kukatia mitindo. Ukurasa wa saba ni mkono wa gauni, ukurasa wa thelathini ni kola.

Wiki iliyopita nilimkuta mke wa Waziri amesimama pale, anapimwa. Bi Mwatumu alimuuliza anapenda kukaa vipi, mkoba anaubeba bega gani, mkono anauinua mpaka wapi, na nguo ya mwisho ilimbana sehemu gani. Kisha akashona hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Mama yule alijigeuza mbele ya kioo mara kadhaa. Akitoka alinishika mkono akaniambia, kwa huzuni ya kweli, kwamba katika nchi hii hajapata kuona mtu anayemuuliza mwenzake anachotaka kisha akamfanyia hichohicho, na kwa nini Wizara yetu haiwezi kufanya kazi namna hiyo. Nilimjibu kwamba tuliwahi kuwa na mpango kama huo, ila faili lake limepotea.